Mapichi Mezani pa Marehemu

Kwa nini mtu anayekikimbia kifo asimame, ageuke, kisha akifungulie mlango?

Dabin, mwigizaji wetu mkuu, aliniuliza swali hilo asubuhi ya siku tuliyopanga kurekodi onyesho la mlango, nami niliyeliandika sikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyemtungia yule binti baba mpole, mimi ndiye niliyemgeuza baba huyo kuwa zombi na kumrudisha nyumbani kwake akiburuta mguu, na pale ambapo kila mtazamaji angepiga kelele kumwambia binti akimbie, mimi ndiye niliyeandika neno moja tu, "Anafungua." Mkono wangu ulikuwa umejua jambo ambalo akili yangu haikulijua.

"Dada Narae, kufungua nitafungua, sikatai," alisema Dabin, huku fundi wa vipodozi akimpaka damu bandia shingoni. "Ila niambie nafungua kwa nini. Nampenda baba? Sawa. Hata mimi wangu nampenda. Lakini aje na meno yale, narukia dirishani mimi. Mapenzi tutayaongea tukiwa chini."

"Cheza tu. Sababu utaihisi ukishaushika mlango."

"Nitaihisi kabla sijaliwa, au baada?"

Mazombi waliokaa ngazini wakaangua kicheko.

"Hebu mwacheni mwandishi wa watu apumue," alisema Shangazi Guk, mama wa makamo aliyekuwa zombi hodari kuliko vijana wote. Alikuwa amevaa lenzi nyeupe zilizomziba macho, akipapasa sakafu huku na huku. "Nani kakalia wali wangu? Nilikuwa na wali uliofungwa kwa mwani hapa. Mkiniacha na njaa namng'ata mtu leo, tena bila kamera."

Tulikuwa katika mji wa Gunsan, kwenye jengo refu la makazi ambalo wenyeji wake walikwisha kuhama. Kila mlango ulikuwa na alama ya rangi nyekundu kuonyesha kwamba ndani hamna mtu. Tuliruhusiwa kulitumia kabla ya matingatinga kufika, na kwa majuma kadhaa korido zake zilizozoea sauti za watoto na harufu ya supu zilikuwa zimejaa watu waliofunzwa kuvunja viungo vyao kama vijiti, wakianguka na kuinuka, wakianguka na kuinuka, mpaka magoti yakavilia damu ya kweli chini ya ile ya uongo.

Mwongozaji wetu alikuwa Pyo Inho. Ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, na mswada wangu wa kwanza. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kilekile alichosoma yeye. Wote pale walijua kwamba mwezi wa Aprili tungefunga ndoa. Walizijua pete zetu mbili za fedha. Walijua pia kwamba Inho akikikodolea macho kioo cha kamera, mkono wake wa kushoto hunitafuta mimi bila macho yake kugeuka, na kwamba siku nikikaa upande usio wangu mkono ule hubaki hewani ukipapasa kama wa Shangazi Guk. Nilimpenda kwa mkono ule. Niliamini kwamba mtu anayekutafuta hivyo, bila kujijua, hawezi kukuficha kitu.

"Tayari?" aliita. "Anza!"

Mazombi wakapanda ngazi kwa kishindo kimoja. Hakukuwa na muziki, palikuwa na miguu tu, miguu mingi isiyo na mpangilio, na pumzi ya Dabin aliyekuwa akimvuta jirani yake mzee kwa mkono. Mmoja alianguka kutoka kwenye reli ya juu, akapiga sakafu kwa ubavu, akainuka na shingo imepinda. Wa pili akampanda wa kwanza mgongoni. Ghorofa moja, mlango wa kwanza umefungwa. Ghorofa ya pili. Mlango unafunguliwa kidogo, jicho linachungulia, unafungwa tena. Kiatu cha mzee kikamchomoka mguuni. Dabin akakitazama kile kiatu kwa muda wa pumzi moja, na katika pumzi hiyo sisi sote tulimchukia kwa kukitazama, tukamwomba mioyoni mwetu: acha, dada, acha kiatu! Akakiacha. Mzee akauvuta mkono wake akirudie. Dabin akamwachilia.

"Kata!"

Inho alinigeukia, uso wake umewaka. "Umeona? Umeng'ang'ania shati langu. Wewe! Unajua nani anafia wapi, na bado umeshika shati."

Kweli nilikuwa nimelishika. Nikaliachia kwa haya. "Ni nzuri mno, Kaka," nikasema, kama nilivyozoea kumwita tangu chuoni.

"Ndiyo maana nimefikiria jambo." Akaniongoza pembeni, karibu na lifti iliyokufa. Hakunitazama. "Onyesho la mlango tuliondoe."

"Tuliondoe tulipeleke wapi?"

"Tulitupe. Binti anakimbia, anafika juu, anaokolewa, basi. Filamu ya mazombi ni baiskeli, Narae. Ikisimama, inaanguka."

"Hakuna aliyewahi kulia kwa sababu mtu amekimbia sana," nilimjibu. "Wanalia kwa sababu mtu aliyekimbia namna ile amekubali kusimama. Yule baba amekufa. Halijui hata jina la mwanawe. Lakini akifika mlangoni kwake anakanyaga kisigino cha kiatu ili avue, kama alivyovua kila jioni ya maisha yake. Uliposoma pale ulinipigia simu ukilia."

"Nililia kama mpenzi wako. Sasa naongea kama mwongozaji."

"Na huyo mwongozaji kaanza kazi lini? Jana umeniambia hili ndilo onyesho lililobeba filamu nzima."

Akaanza kuizungusha pete yake kidoleni. Niliifahamu ishara hiyo. Alikuwa akiifanya kila alipotaka jambo lipite bila kusemwa.

"Mama anakuja," akasema.

"Lini?"

"Yuko njiani. Anawaletea watu chakula."

Mama Inho alikuwa na duka la dawa katika mji wa Jeonju, na alikuwa amemlea mwanawe peke yake tangu alipofiwa na mume. Mara ya kwanza kukutana naye nilikuwa nimekwenda kurudisha mwavuli jioni moja, nikaukuta mlango wao wazi na mshumaa ukiwaka ndani. Nikadhani wamesahau. Nilipoushika nivute, sauti ikanipasua masikio: "Usifunge!" Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya mumewe. Meza ilikuwa imeandaliwa kwa ajili yake, wali, supu, samaki, matufaha, na mlango umeachwa wazi ili roho yake iingie kula. Niliduwaa kizingitini. Kwetu hapakuwahi kuwa na meza ya namna hiyo. Baba yangu ni mchungaji, na alitufundisha kwamba mbele ya wafu mtu huomba, hasujudu. Lakini sikuweza kuusahau mlango ule. Nilirudi chuoni nikaandika hadi kukakucha, na filamu nzima ikazaliwa pale.

"Kwa hiyo unaogopa ataiona meza," nikasema.

"Meza ni yake, Narae. Uliyoyaona siku ile ni mambo yake ya ndani."

"Nilikuomba ruhusa kabla sijaandika. Ukaniambia umemuuliza, amekubali."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilitamani asinitazame.

"Hukumuuliza," nikasema.

"Nilikuwa natafuta siku nzuri."

Sauti ikasikika kutoka chini ya ngazi, ya mwanamke anayehema kwa kupanda. "Jamani, hamjambo? Samahani, nipisheni. Yuko wapi mwanangu? Nyie watoto mmekonda hivi, hawawalishi?"

"Sisi tumekufa, mama," alijibu zombi mmoja kwa adabu.

"Maiti nao wanakula. Shika hiki."

Mama Inho alitokea koridoni akiwa na masanduku ya chakula yaliyofungwa kwa kitambaa, nywele zimechanwa vizuri, koti la kijivu la kutokea. Aliponiona, tabasamu lake lilibaki mahali pake, ila lilipoa. "Na wewe upo," akasema.

"Karibu, Mama."

Inho alijaribu kumzuia. "Mama, tukae huku nje, ndani kuna nyaya..."

"Nimepanda ghorofa zote hizi nikakae koridoni? Acha nione unachofanya." Akampita. Kwenye kizingiti cha nyumba tuliyoipamba kwa ajili ya onyesho, alivua viatu, ingawa sakafu ilijaa vumbi na sisi sote tulitembea humo na viatu vyetu. Akaingia kwa soksi. Akasimama.

Meza ilikuwa tayari. Mishumaa, wali, supu, samaki. Na katikati, kwenye sahani nyeupe yenye mguu, mapichi yaliyoiva, yenye wekundu mashavuni, niliyoyachagua sokoni moja moja kwa mikono yangu.

Nilimwona akiitambua meza yake. Nilidhani angelia. Badala yake alinyoosha kidole.

"Nani ameweka haya?"

Mazombi waliosogea mlangoni wakatazamana.

"Nimeuliza. Mapichi haya nani kayaweka?"

"Ni mimi, Mama."

"Usiniite mama."

"Inho aliniambia kwamba baba yake aliyapenda kuliko matunda yote. Nikaona heri..."

"Kaona heri!" Aliwageukia mazombi waliokuwa wamejazana mlangoni, kana kwamba ni majirani zake. "Mmemsikia? Kaona heri. Wewe binti mchungaji, hivi kwenu hata hamsikii watu wakizungumza? Mtoto wa chekechea anajua. Pichi linafukuza roho. Haliwekwi mezani pa marehemu, halipiti hata karibu. Umewasha mishumaa, umepika wali, umefungua mlango, umemwita mume wa watu aje, halafu katikati ya meza umeweka kitu cha kumwambia rudi ulikotoka!"

Damu ilinipanda usoni hadi masikio yakavuma. Niliwatazama wenzangu, mmoja baada ya mwingine, na wote walikwepa macho yangu. Walijua. Wote walijua.

"Aigu, masikini," alisema Shangazi Guk kwa sauti ndogo. "Mimi nilidhani ni makusudi. Nilidhani ndiyo maana yule baba anakwama pale kizingitini, haingii."

"Na wewe," Mama Inho alimgeukia mwanawe, "mwongozaji mkubwa. Umeipita meza hii tangu asubuhi. Macho yalikuwa wapi?"

"Mapichi niliyaona, Mama."

"Uliyaona?" Nadhani tuliuliza kwa pamoja, mimi na mama yake.

"Sikutaka kumvunja moyo," akasema Inho. "Alikuwa na furaha sana aliporudi nayo kutoka sokoni. Na rangi yake ilikaa vizuri kwenye kamera."

Laiti angenisimanga! Laiti angenicheka kwa sauti niliporudi nayo, akanivuta sikio, akaniambia Narae, mjinga wewe, rudisha! Nilikuwa nimesimama mbele ya watu hawa wote na upumbavu wangu umepangwa kwenye sahani, na yeye aliyenipenda alikuwa ameutazama upumbavu huo asubuhi nzima na kuutafutia mwanga mzuri.

"Na huyu ndiye unayeniletea Aprili," mama yake aliendelea. "Huyu ndiye atakayempangia baba yako meza nikishazeeka. Uliniambia nini? Uliniambia amekubali kujifunza. Uliniambia, Mama usijali, Narae atasujudu, tumeshaongea."

"Atasujudu nani?" nikauliza.

"Muulize mumeo mtarajiwa."

"Inho." Sikumwita Kaka. "Nani atasujudu?"

"Narae, si hapa. Watu wanatusikiliza."

"Sisi hatusikii, tumekufa," alisema zombi mmoja nyuma, na mwenzake akampiga kiwiko.

Nilimgeukia Mama Inho. Nilitaka asikie kila neno. "Mimi sijasema hivyo. Inho anajua tangu mwanzo kwamba sitasujudu. Nilimwambia wazi, kwa sababu sikutaka kuingia nyumbani kwako kwa uongo. Na alipokuja kwa baba yangu kuniposa, baba alimuuliza habari ya meza. Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo. Akamjibu kwamba wewe umeridhia. Akasema umechoka, na kwamba baada ya harusi meza itakoma."

"Itakoma?"

Alilitamka taratibu, kama mtu anayesoma lebo ya dawa asiyoifahamu. Kisha akaketi sakafuni, vumbini, na koti lake zuri.

"Mama," Inho alipiga magoti kando yake. "Nilitaka harusi ifike salama tu. Wewe ulikuwa hulali, baba yake Narae alikuwa mkali, na Narae mwenyewe ana msimamo wake. Nikaona kila mmoja nimwambie kile kitakachomtuliza. Nilidhani tukishaoana mtazoeana. Watu wote huzoeana."

"Meza ya baba yako umeiuza kwa mchungaji," alisema mama yake. "Ukiwa unakunywa chai sebuleni kwake."

"Sijaiuza..."

"Niache."

Nta ya mshumaa ilidondoka mezani. Dabin alikuwa bado amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, damu ya uongo ikimkaukia shingoni.

Mama Inho alinyoosha mkono, akachukua pichi moja, akalitazama.

"Unadhani sijui kwamba aliyapenda?" Alikuwa akisema na mimi, ingawa hakunitazama. "Kila mwaka msimu ukifika nanunua kikasha. Nayala peke yangu, nyuma ya duka, nimesimama. Nayala mpaka la mwisho kabla siku yake haijafika. Halafu nanawa kwa sabuni, nafungua madirisha yote, ili akija asikute hata harufu. Kitu alichokipenda kuliko vyote ndicho ninachomficha. Ndivyo ilivyo. Ukitaka aingie, lazima umnyime."

Akalirudisha lile pichi kwenye sahani kwa uangalifu, kana kwamba lingeamka.

"Asubuhi aliyotoka kwenda kazini kulikuwa na upepo. Tulikuwa tumegombana, jambo dogo, hata silikumbuki. Alisimama mlangoni akivaa viatu, polepole, kama anangoja niseme kitu. Baridi inaingia. Nikamwambia, funga mlango. Basi. Hakurudi. Neno langu la mwisho kwa mume wangu ni hilo, funga mlango." Aliinua uso, na macho yake yalikuwa makavu, yamejaa chuki safi. "Haya, binti mchungaji. Nenda kaandike na hilo. Watu watazame huku wakila bisi."

Jibu lilikuja hivyo, kwa sauti ya mtu aliyenichukia. Nilikuwa nimelitafuta vitabuni na katika mihadhara ya walimu wangu. Nilikuwa nimeandika kurasa nzima za insha kuhusu mwendo na mapigo ya moyo, kuhusu namna ya kumwendesha mtazamaji mbio hadi asahau kupumua. Yote yalikuwa kweli. Lakini mbio zile zote zilikuwa zikimleta mtazamaji hapa, kwa mtu ambaye aliwahi kuufunga mlango na hatapewa tena nafasi ya kuufungua, isipokuwa hii. Meno yawepo, yasiwepo.

Nilipiga magoti vumbini mbele ya Mama Inho. Sikusujudu, nilipiga magoti ili macho yetu yawe sawa.

"Mara ya kwanza niliomba ruhusa kwa mwanao," nikasema. "Leo nakuomba wewe. Mapichi yabaki mezani. Baba anafika mlangoni, anavua viatu, hawezi kuingia. Binti yuko salama. Mapichi yanamlinda, na yeye anajua. Kisha anayaondoa kwa mikono yake mwenyewe. Ndipo anafungua."

"Na nikikataa?"

"Nitauchana ukurasa huo mbele yako."

"Halafu?"

"Halafu hapatakuwa na filamu. Patakuwa na watu wanakimbia ngazini."

Alinikazia macho. Nilijaribu kutoyakwepesha yangu.

"Mimi sikupendi," akasema.

"Najua."

"Nisingekupenda hata ungesujudu kuanzia leo mpaka masika. Una kiburi. Unaingia nyumba za watu, unaona kidogo, unadhani umeona yote."

"Ni kweli."

"Usinikubalie, unaniudhi." Alijisukuma akainuka, akajikung'uta koti. Alitazama mlango, akamtazama Dabin aliyekuwa amekishika kitasa. "Jina lake lisitajwe popote. Na huyo binti akifungua, asiseme neno. Hata moja. Asiseme baba, asiseme nisamehe. Maneno niliyamaliza mimi."

"Sitasema, Mama," alinong'ona Dabin. Machozi yalikuwa yameichora damu yake mistari. Hakuniuliza tena swali lake.

Mama Inho alivaa viatu vyake kizingitini, akanipa mgongo, akaanza kuwafungulia mazombi masanduku ya chakula kwa kelele, akiwagombeza wanaokula wima.

Inho akashusha pumzi ndefu. Alisimama karibu nami mbele ya kioo cha kamera, na nikaona wepesi ukimrudia usoni, wepesi uleule nilioupenda, wa mtu ambaye mvua imempita.

"Afadhali," alininong'oneza. "Yamekwisha. Umemweza Mama. Mengine tutaongea nyumbani, polepole. Nitaenda mwenyewe kwa baba yako, nitamtafutia maneno mazuri."

Macho yake yalikuwa tayari kwenye kioo. Mkono wake wa kushoto ukatoka, ukaanza kunitafuta.

Niliutazama ukinijia. Niliufahamu kila mkunjo wake, kovu dogo la kidole gumba, pete. Mwili wangu wote ulitaka kusogea nusu hatua ili ukute bega langu mahali pake pa siku zote, nami nadhani nikiwa mzee nitakuwa bado naikumbuka hiyo nusu hatua. Sikusogea. Mkono ukapapasa hewa. Inho akageuka.

"Narae?"

Niliivua pete, nikaiweka mezani, kando ya sahani ya mapichi. Sauti yake juu ya mbao ilikuwa ndogo, lakini koridoni Mama Inho alinyamaza, na Shangazi Guk akaacha kutafuna.

"Sikilizeni wote," nikasema, kwa sauti iliyowafikia hata waliokaa ngazini. "Tunarekodi leo, kama tulivyopanga. Dabin anayaondoa mapichi, kisha anafungua mlango, na hasemi neno. Mama, kesho nitakwenda kwa baba yangu nimwambie kwamba meza yako haikomi, na kwamba mimi sisujudu, na kwamba yote mawili ni kweli. Na wewe Inho, sikiliza hapa, mbele ya watu, usiniambie tutaongea nyumbani. Harusi ya Aprili haipo. Mimi sitaolewa nawe."